Je, wajua Hitler hakupindua serikali wala hakupata nusu ya kura?

Uliza kijiweni pale Lindi mjini au Mikindani, Hitler aliingiaje madarakani, wengi watakwambia alipindua. Wala huwashangai, maana sote udikteta tunaujua kwa sura moja, vifaru barabarani, redio inapiga muziki wa kijeshi halafu ofisa fulani anasoma tangazo. Wachache watabisha, watasema hapana bwana, Wajerumani walimchagua wenyewe kwa kishindo. Majibu yote mawili yamekosea, na hili la pili ndo baya zaidi kwa sababu lina ukweli kidogo ndani yake.

Tuanze na kupindua. Majaribio yalikuwepo na yalibuma. Machi 1920 wanajeshi waliingia Berlin wakamtangaza Wolfgang Kapp kuwa kansela, yaani mkuu wa serikali, wafanyakazi wakagoma karibu nchi nzima, ofisi hazifanyi kazi, treni zimesimama, siku chache tu Kapp akakimbia. Mmoja wa maofisa waliounga mkono jaribio lile ni Paul von Lettow-Vorbeck, ndiyo, huyo huyo aliyepigana na Waingereza pale Mahiwa, mkoani Lindi, Oktoba 1917. Jeshini wakamtoa, ila 1928 akaingia bungeni kama mbunge, yaani mtu alishiriki kutaka kuangusha serikali halafu baadaye anakula posho ya bunge lile lile. Hitler naye akajaribu Munich Novemba 1923, polisi wakafyatua risasi, akakamatwa, akahukumiwa miaka 5 na ndani ya mwaka uliofuata wakamwachia.

Sasa hiyo ya kuchaguliwa kwa kishindo. Uchaguzi wa bunge wa 1928 chama chake cha Nazi kilipata asilimia 2.6, viti 12, yaani hakuna kitu. Septemba 1930 kikaruka hadi viti 107. Julai 1932 kikafika asilimia 37 na kitu, hapo ndo kilele chake kwenye uchaguzi huru, na mwaka huo huo kwenye urais aligaragazwa na mzee Hindenburg, aliyekuwa rais tayari. Novemba 1932 kikashuka mpaka asilimia 33. Ona hapo, chama kinashuka, hela za kampeni zimekata, viongozi wake wanagombana, halafu hata miezi mitatu haijaisha mwenyewe ni kansela! Hata Machi 1933, akiwa tayari madarakani, polisi wake na wanamgambo wake wakipiga wapinzani mitaani, bado alipata asilimia 43.9 tu. Nusu hakuigusa.

Na ile hadithi ya noti zinazobebwa kwenye toroli kwenda kununua mkate, eti ndo iliyomleta Hitler, nayo tuipunguze. Mfumuko ule ulikuwa 1923, ukadhibitiwa, halafu ikaja miaka kadhaa ya ahueni, ndo ile miaka chama chake kilipokuwa na hizo asilimia 2.6. Kilichowavuruga 1930 mpaka 1932 ni kinyume chake, bei na mishahara vinashuka, viwanda vinafungwa, watu kama milioni 6 hawana kazi. Nani hasa alimpigia kura hapo inabidi twende taratibu, kura ni siri na tafiti za maoni hazikuwepo, watafiti wanalinganisha tu matokeo ya kila eneo na takwimu za watu wake. Inavyoonekana wasio na kazi wengi walikwenda kwa wakomunisti, na Hitler akachota sana kwa wakulima wa maeneo ya Waprotestanti na wenye biashara ndogo waliokuwa na hofu ya kuporomoka.

Basi kama hakupindua na hakushinda, mlango aliingilia wapi? Mlango ulikuwa ndani ya katiba yenyewe ya Ujerumani, ile ya 1919, Ibara ya 48, iliyomruhusu rais kutoa amri za dharura bila kungoja bunge.

Fikiria AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ya kijiji huko Tandahimba. Wanachama wanachagua bodi, bodi ndo inaamua mambo, na mwenyekiti wanamchagua peke yake. Katiba ya chama ina kipengele cha dharura, likitokea la kutokea mwenyekiti aamue mwenyewe kwa sahihi yake, bodi ikikaa inaweza kutengua. Ni kipengele kizuri tu, paa la ghala limeezuliwa na upepo, korosho zinalowa, wajumbe wako mashambani, huwezi kungoja. Kinatumika kwa paa, kinatumika kwa lori lililokwama, hakuna anayelalamika. Unakuja msimu mbaya, bei ya mnada imeanguka, bodi imegawanyika makundi manne yasiyosalimiana, makato ya msimu hayapiti. Katibu anamnong'oneza mwenyekiti, tuyaandike makato kwa kipengele cha dharura. Bodi inakaa, kwa hasira inatengua. Kumbe ukurasa mwingine wa katiba ile ile unasema mwenyekiti anaweza kuvunja bodi na kuitisha uchaguzi! Anaivunja, makato yale yale anayarudisha kwa sahihi, na uchaguzi ukifanyika linaingia kundi la vijana wanaotaka bodi yenyewe ifutwe. Sasa wale wajumbe wa zamani wanaogopa, wakitengua tena bodi itavunjwa tena na wale vijana wataongezeka, bora wanyamaze. Wakishanyamaza, bodi haina kazi, na anayeamua makato ya kijiji kizima ni yeyote atakayeshika sikio la mwenyekiti.

Ujerumani ilikuwa hivyo hivyo. Rais wa kwanza, Ebert, alitumia Ibara ya 48 zaidi ya mara 100, nyingi zikiwa kuokoa jamhuri kweli. Julai 1930 kansela Brüning bajeti yake ikagoma bungeni, akaipitisha kwa amri ya rais, bunge likatengua, Hindenburg akalivunja, amri ikarudi, na uchaguzi uliofuata ndo ule wa viti 107. Chama cha Social Democrat, cha mrengo wa kushoto, kikaona heri kumvumilia Brüning. Mwaka 1930 bunge lilitunga sheria 98 na amri za dharura zilikuwa 5, mwaka 1932 sheria ni 5 na amri ni 60 na zaidi. Kama Brüning alidhamiria kuliua bunge au hakuwa na namna, wanahistoria hawajaafikiana.

Kwa hiyo Januari 30, 1933 kilichohitajika ni kumshawishi mzee mmoja wa miaka 85. Kansela wa zamani Franz von Papen alimshawishi, hesabu yake ikiwa kwamba kwenye baraza lile wanazi ni Hitler na wenzake wawili tu, watambana. Hawakumbana. Februari 27 jengo la bunge likaungua (alikamatwa Mholanzi Marinus van der Lubbe, kama alikuwa peke yake mpaka leo watu wanabishana), na kesho yake ikatoka amri ya kufuta uhuru wa kusema, kuandika na kukusanyika. Kwa ibara gani? 48.

Sehemu ninayoipenda, kama neno kupenda linafaa hapa, ni Machi 23. Hitler alitaka sheria ya kuipa serikali uwezo wa kutunga sheria bila bunge, hata zinazokwenda kinyume na katiba, na ilihitaji theluthi mbili ya wabunge wawepo na theluthi mbili ya waliopo wakubali. Wabunge 81 wa kikomunisti walikuwa wamefungwa, wako mafichoni au wamezuiwa kuingia, na Social Democrat nao wangegoma akidi ingeweza kukosekana. Basi ikapitishwa kanuni mpya, mbunge asiyekuwepo bila ruhusa ahesabiwe yupo. Mtu amekimbia nchi, kwenye karatasi amehudhuria! Kura zikawa 444 kwa 94, hao 94 wote Social Democrat, wamepiga kura huku wanamgambo wamejaa ukumbini.

Julai vyama vingine vikapigwa marufuku. Ile sheria ilikuwa ya miaka minne, na ajabu ni kwamba waliihuisha kwa utaratibu kabisa 1937, mwaka ule ule mjusi wetu mkubwa wa kale (dinosaria) aliyechimbwa Tendaguru, Lindi, alipomaliziwa kuunganishwa mifupa kule Berlin, wakaihuisha tena 1939. Katiba ya 1919 haikufutwa rasmi kipindi chote hicho. Bunge nalo liliendelea kukaa mara moja moja, kikao cha mwisho kilikuwa Aprili 26, 1942, na ajenda ilikuwa kumpa Hitler mamlaka ambayo tayari alikuwa anayatumia.