Gavana wa Chile hana askari

Ukiiona Chile kwenye ramani, ukanda mwembamba wenye urefu wa zaidi ya kilomita 4,200, ni rahisi kuamini kwamba nchi ya namna hiyo lazima iwe na serikali ya majimbo. Haina. Katiba yake inasema wazi kwamba Chile ni dola moja isiyo ya shirikisho. Mfumo wa majimbo waliujaribu mwaka 1826, José Miguel Infante akiwa mstari wa mbele kuupigania, lakini haukudumu. Leo kuna mikoa 16, ndani yake wilaya 56 (wenyewe huziita provincia), na chini kabisa komuna 346, yaani maeneo madogo kabisa ya utawala.

Dhana inayonikera kuliko zote ni kwamba mkoa unajitawala kwa sababu gavana anachaguliwa kwa kura. Msomaji akikutana na neno gavana kwenye habari za Chile humpa mtu huyo polisi, kodi na sheria zake kichwani mwake, kisha hushangaa mbona mambo hayaendi.

Hadi mwaka 2021 mkoa ulikuwa chini ya intendente, mteule wa rais ambaye rais angeweza kumwondoa siku yoyote. Mei mwaka huo wananchi walichagua magavana kwa mara ya kwanza. Mshindi alitakiwa apate angalau asilimia 40, na mikoa 3 tu ndiyo iliyompata siku ileile: Valparaíso, Aysén na Magallanes. Iliyobaki ikarudia mwezi Juni, na waliojitokeza hawakufika asilimia 20 ya wapigakura. Julai 14 magavana wakashika ofisi.

Kazi za intendente hazikufa. Ziligawanywa. Mipango ya maendeleo, bajeti ya mkoa na uenyekiti wa baraza la mkoa vikaenda kwa gavana. Usalama na uratibu wa idara za serikali kuu vikaenda kwa mjumbe wa rais, ambaye hapigiwi kura na mtu yeyote. Waandamanaji wakifunga barabara, anayewajibika kwa usalama ni mjumbe huyo. Carabineros ni polisi wa taifa zima, na gavana hana hata askari mmoja. Kodi pia hawezi kuitunga. Fedha nyingi za miradi yake hupitia kwanza kwenye bajeti ya taifa inayojadiliwa na Kongresi. Lakini sura iliyo kwenye mabango ya kampeni ni yake, na lawama za uhalifu humfuata yeye. Kwa kweli naona anaonewa.

Tena ukisoma maandishi ya kabla ya 2021, uwe mwangalifu: gobernador (ndilo neno lao la gavana) wa wakati ule alikuwa mkuu wa wilaya, mteule wa rais. Jina ni lilelile, cheo ni kingine kabisa.

Kuhusu Santiago, watu hudhani meya wake anaongoza jiji lote. Komuna ya Santiago ni kitovu cha jiji tu. Wilaya ya Santiago peke yake ina komuna 32, na kila moja ina meya wake na madiwani wake. Ukitembea kuelekea mashariki ukapita Plaza Baquedano, umeshaingia Providencia: meya mwingine, magari mengine ya taka, na mfuko ulionona kuliko wa komuna nyingi. Ndiyo maana swali la "unatoka komuna gani?" lina uzito pale mjini; jibu lake humwambia muulizaji mengi kuhusu kipato cha mtu.

Ila si kweli kwamba kila komuna hula peke yake. Kila Machi wenye magari binafsi hulipia kibali cha gari, na wanaruhusiwa kulipa manispaa yoyote waipendayo. Basi manispaa hutoka ofisini na kuweka meza za malipo hadi kwenye maduka makubwa ili kuwavuta. Anayelipa hudhani fedha yote inabaki pale. Asilimia 62.5 yake huingia kwenye mfuko wa pamoja wa manispaa, ambao huzisaidia zaidi komuna maskini.

Namba za Kirumi za mikoa, zilizoanza wakati wa utawala wa kijeshi, zilifutwa kisheria mwaka 2018, ingawa wengi bado husema "Mkoa wa Tano" wakimaanisha Valparaíso. Mkoa huohuo una Rapa Nui, kisiwa ambacho wengine hukidhania kuwa koloni. Ni wilaya yake, japo kuna takriban kilomita 3,500 za bahari kati yao.

Na komuna 346 hazina manispaa 346. Ziko 345, kwa sababu komuna ya Antártica, iliyo kwenye eneo ambalo Chile inalidai na ambalo madai yake yamesimamishwa na Mkataba wa Antaktika wa 1959, haina manispaa yake. Shughuli zake hufanywa na manispaa ya Cabo de Hornos, kutoka Puerto Williams, ng'ambo ya bahari.