Mawe juu ya bati na dhana nyingine za dhoruba mkoani Kigoma

"Weka mawe na matairi juu ya bati, upepo hautaling'oa."

Upepo ukipita juu ya paa kwa kasi hulinyonya bati kwenda juu, na ule uliopenya ndani hulisukuma kutoka chini. Kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa, mvuto huo hufika takribani kilo 40 kwa kila mita ya mraba, na kwenye kingo za paa huzidi hapo. Bati la mita 3 huvutwa kwa karibu kilo 90. Jiwe la kilo 10 litafanya nini? Litaporomoka, pengine juu ya mtu aliyejibanza barazani.

Paa hushikwa kwa hatua: msumari hushika bati kwenye papi (mbao za kulala zinazobeba bati), papi kwenye kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), kenchi kwenye ukuta. Panapoachia mara nyingi ni hapo mwisho, kwa sababu kenchi imepigiliwa misumari miwili tu kwenye mbao iliyolazwa juu ya tofali. Paa zima huondoka na papi zake, bati likiwa bado limeshikwa barabara. Kwa nyumba mpya, acha vipande vya nondo ya milimita 8 vikitokeza kwenye linta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha), kisha vikunjwe juu ya kila kenchi. Kwa nyumba iliyokwishajengwa, toboa ukuta kozi nne (mistari minne ya tofali) chini ya kenchi, pitisha waya wa mabati wa milimita 4, uzungushie kenchi, kaza. Ukifunga kwenye tofali la juu kabisa, hasa la udongo, litang'oka pamoja na paa. Unahitaji uzito wa ukuta. Fedha ikiwa haba, anza na kenchi za pembeni.

Misumari ya bati hupigwa kwenye mgongo wa bati, kamwe si bondeni ambako maji hupita. Kwenye papi ya ukingoni na ile ya chini ya kofia (bati la kileleni mwa paa), piga kila mgongo wa pili. Msumari uliochomoza usiupigilie tena tundu lilelile, mbao imeshalegea. Piga mwingine kando, na tundu la zamani lizibwe. Halafu ujue kwa geji, kipimo cha unene wa bati, geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Namba kubwa huwadanganya wengi dukani.

Kazi hii ni ya Agosti na Septemba. Wingu likishatanda, usipande juu ya paa.

"Fungua madirisha upepo upite."

Upepo ukiingia upande mmoja hauna haraka ya kutoka. Huinua paa kwa ndani. Funga madirisha na milango yote, kaza na komeo.

"Vimbunga ni vya pwani."

Nusu ni kweli. Kigoma iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini, na kimbunga hulishwa na maji ya bahari yenye joto, hivyo hufifia kikiingia bara. Lakini wingu la radi linapoporomosha hewa baridi, upepo mkali hufika kwa dakika chache, bila kuhitaji bahari. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikitoa angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa kwa Kigoma, usidhani imekosea mkoa. Mvua kubwa kwao ni inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Kwa paa la mita za mraba 60, milimita 50 ni lita 3,000, yaani madumu 150 yanayomwagika kwenye msingi wa tofali mbichi. Chimba mfereji wa kuyatoa. Maji ya kunywa nayo yatengwe mapema: lita 4 kwa mtu kwa siku, kwa siku tatu. Watu sita wanahitaji madumu manne ya lita 20. Mwenye mtumbwi Kibirizi au Katonga, kando ya Ziwa Tanganyika, auvute mbali na maji na kuufunga.

"Radi huvutwa na bati, kioo na nguo nyekundu."

Rangi na kioo havihusiki, na bati halivuti radi. Hatari ndani ya nyumba ni nyaya na mabomba. Chomoa runinga na chaja kabla radi haijakaribia. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Kwenye sola, toa waya za paneli kwanza, kisha za betri. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10, ingia ndani na usiguse nyaya. Mwembe si kinga. Toka baada ya dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

"Aliyepigwa na radi asiguswe, ana umeme."

Hana. Hii ndiyo dhana inayoua, kwa sababu moyo unaweza kuwa umesimama na dakika zinapita watu wakiwa wamesimama mbali. Msimzike kwenye udongo, msimpe maziwa. Kama hapumui, mlaze chali na ukandamize katikati ya kifua sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari. Mkichoka, pokezaneni bila kusita.