Ile nambari ya SMS si hatua ya pili

Akaunti ya WhatsApp ikitekwa ndani ya kundi la chama, iwe Kisumu au Nakuru, mambo huenda kwa mpango ule ule. Asubuhi mwekahazina anawaomba wanachama wamkopeshe elfu tano "hadi saa kumi". Mchana anapiga simu kwa laini ya mtu mwingine kusema si yeye. Jioni, kundi likiwa bado linapiga kelele, anatokea mmoja wa kutuliza: "Mimi siwezi kutekwa, nina hatua mbili. WhatsApp huniletea nambari kwa SMS kabla sijaingia." Huyo hana hatua mbili. Ana moja, na ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa nayo mwekahazina.

Uthibitishaji wa hatua mbili ni kuingia kwenye akaunti kwa kutoa vithibitisho viwili vya aina tofauti. Aina zenyewe ni tatu: kitu unachokijua (nywila, PIN), kitu ulicho nacho (laini, simu, kadi ya benki) na kitu cha mwili wako (alama ya kidole, uso). Ndiyo maana yote.

Linalopotea midomoni mwa watu ni lile neno "tofauti". Nywila ikifuatwa na swali la jina la shule yako ya msingi si hatua mbili, kwa sababu vyote viwili ni vitu unavyovijua, na aliyekuvuta useme kimoja atakuvuta useme na cha pili. Hiyo ni milango miwili inayofunguliwa na ufunguo mmoja. Ile hesabu ya kujumlisha na kutoa ambayo watumiaji wa iTax, tovuti ya kodi ya Kenya, wanaifahamu nayo si hatua ya usalama wako hata kidogo. Kazi yake ni kuzuia programu zinazojaribu kuingia zenyewe, na jibu lake analijua kila mtu aliyemaliza darasa la pili.

Anayetaka mfano wa kweli asiende mbali. Mama anayeuza omena soko la Kibuye, Kisumu, anatumia vithibitisho viwili kila siku, na M-Pesa imefanya hivyo tangu Machi 2007: laini iliyo ndani ya simu ni kitu alicho nacho, PIN ya tarakimu nne ni kitu anachokijua. Ukiokota simu yake bila PIN huwezi kutuma pesa. Ukimchungulia PIN bila laini, vilevile. Ndiyo sababu tapeli anayebadilisha laini ya mtu kwa hila huwa bado na kazi mbele yake: lazima aipate PIN, au maelezo ya kitambulisho ya kumwezesha kuomba PIN mpya.

Sasa turudi WhatsApp, kwa maana hapo ndipo mchanganyiko ulipo. WhatsApp haikuulizi nywila unapofungua akaunti. Inachojua ni nambari ya simu tu, na yeyote anayeweza kusoma tarakimu sita zilizotumwa kwa nambari hiyo, kwa WhatsApp ndiye wewe. Kwa hiyo SMS ile ndiyo hatua ya kwanza, tena ya pekee. Ukimsomea mtu tarakimu hizo umemkabidhi laini yako kwa dakika moja, na dakika moja inamtosha. Hakuna mtambo uliovunjwa, hakuna udukuzi wa kutisha. Umeombwa, ukatoa.

Namna ya kuomba hubadilika. Mara nyingi ujumbe hutoka kwa rafiki ambaye akaunti yake imeshatekwa: "Nimekutumia nambari kimakosa, nirudishie." Wakati mwingine ni sauti ya upole inayokusajilia mkutano wa mtandaoni wa kanisa au semina ya wakulima. Iko pia njia isiyohitaji usome chochote. WhatsApp inaweza kukupigia simu na kukutamkia zile tarakimu, basi tapeli anakuagiza ubonyeze **21* ikifuatwa na nambari fulani na #, eti urekebishe mtandao. Hapo simu zako zote zinaelekezwa kwake, pamoja na ile ya WhatsApp. Ukishuku umefanyiwa hivyo, bonyeza *#21# uone hali ilivyo, na ##002# kufuta maelekezo yote ya simu.

Hatua ya pili ya WhatsApp ni kitu kingine kabisa, na haijiwashi yenyewe. Ingia Mipangilio, kisha Akaunti, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili, uiwashe. Utachagua PIN ya tarakimu sita. Hii unaitunga wewe, hailetwi kwa SMS, na ndiyo siri ya mchezo: mtu akiipata ile ya SMS, anakwama hapa. Usiweke tarehe yako ya kuzaliwa, wala PIN ya M-Pesa ukaiongezea sufuri mbili. Utaombwa pia anwani ya barua pepe, na wengi huiruka. Usiiruke. Ukisahau PIN bila kuwa na barua pepe utasubiri siku 7 ndipo uruhusiwe kuingia. WhatsApp hukuuliza PIN hiyo mara kwa mara usije ukaisahau, na watu hukasirika wakaizima.

Siku hizo 7 humtesa aliyetekwa pia. Ukinyang'anywa akaunti, sajili nambari yako upya mara moja na uweke tarakimu za SMS mpya. Yule mwizi anatolewa papo hapo. Lakini kama aliwahi kuweka PIN yake, wewe nawe utasubiri hizo siku 7. Ujumbe wako wa zamani haupati kwa kuiteka nambari tu, kwa sababu unakaa ndani ya simu yako. Anachopata ni makundi yako na kila kinachoingia baada ya hapo. Ndiyo maana hulenga waweka hazina.

PIN hiyo nayo ina mpaka. Haizuii mtu aliyekaa na simu yako ikiwa imefunguliwa akaiunganisha na kompyuta. Fungua Vifaa vilivyounganishwa, na chochote usichokitambua ukiondoe.

Gmail ina shida yake, hasa huku kwetu ambako akaunti nyingi zilifunguliwa saiba, foleni ikiwa nyuma, mwenye akaunti akitafuta PIN ya KRA (nambari ya mlipa kodi) au mkopo wa masomo wa HELB. Mhudumu akiona mteja hana simu mkononi, huweka nambari yake mwenyewe ya kurejesha akaunti. Miaka mitano baadaye hatua ya pili inafanya kazi vizuri sana, ila inampelekea nambari yule mhudumu wa saiba. Fungua programu ya Gmail, gusa picha yako, nenda kwenye usimamizi wa Akaunti ya Google, sehemu ya Usalama, ukague simu na barua pepe za kurejesha. Ukiwa hapo, washa hatua mbili na uchukue zile nambari 10 za akiba. Kila moja ina tarakimu nane na hutumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi, uziweke pamoja na vyeti vya shule, maana simu ikiibwa steji ndizo zitakazokuingiza.

Kuna wanaosema SMS ni dhaifu, na wako sahihi kiasi: laini inaweza kubadilishwa na mtu mwingine. Wateja wa Safaricom wanaweza kubonyeza *100*100# kuzuia laini isibadilishwe kwa wakala. Programu ya kuzalisha nambari ndani ya simu, kama Google Authenticator, ni bora zaidi kwa sababu haitegemei laini wala mtandao. Inatumia siri iliyohifadhiwa na saa ya simu, na nambari hubadilika kila sekunde 30. Zikikataliwa zote, tazama saa ya simu kwanza, uiweke ijirekebishe yenyewe. Hata hizo unaweza kuzichapa kwenye tovuti bandia. Ufunguo wa siri (passkey) unaohifadhiwa kwenye simu na kufunguliwa kwa kidole hauna udhaifu huo, kwa kuwa umefungwa kwa anwani ya tovuti halisi na haukubali kutumika kwingine.

Ila wapo waliosikia habari hizi wakaizima SMS wakabaki na nywila tupu. Hapo wamerudi nyuma. Kwenye Gmail au Facebook, ambako nywila ipo tayari, SMS ni hatua ya pili halali, dhaifu kuliko nyingine lakini bora kuliko kutokuwa nayo. Iacheni hadi programu iwe imewekwa na kujaribiwa, ndipo muiondoe.