Akiba ya mafuta na vimbunga vya Marekani: yanayosemwa na yaliyopo

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kumalizika 30 Novemba. Kila foleni ndefu zinapoonekana kwenye vituo vya mafuta vya Florida au Texas, lawama ni ileile: serikali haikuweka akiba ya kutosha. Wachache huuliza akiba yenyewe ni ya mafuta gani, iko wapi, na itatokaje huko iliko. Kwa maoni yangu, maswali hayo yana uzito kuliko idadi ya mapipa.

"Marekani ina akiba kubwa kabisa, kwa hiyo upungufu ni uzembe tu."

Akiba kubwa ipo kweli. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, baada ya nchi za Kiarabu kuinyima Marekani mafuta mwaka 1973. Vituo vyake vinne, viwili Texas na viwili Louisiana, vina mapango yaliyochongwa ndani ya chumvi chini ya ardhi, yenye uwezo wa kubeba zaidi ya mapipa milioni 700. Lakini kilichomo ni mafuta ghafi, ambayo huwezi kuyatia kwenye gari wala jenereta. Ni lazima yapite kiwandani kwanza, na sehemu kubwa ya viwanda vya kusafisha iko kwenye ukanda uleule wa Ghuba ya Mexico unaopigwa na vimbunga. Kimbunga Harvey kilipoingia Texas Agosti 2017, karibu robo ya uwezo wa nchi nzima wa kusafisha mafuta ilisimama. Akiba ilikopesha viwanda mapipa zaidi ya milioni 5, na msaada huo haukuwa mdogo, ila ulivifaa vile tu vilivyokuwa bado vinafanya kazi. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, nafuu nyingine ilitoka ng'ambo: nchi kadhaa za Ulaya, ambazo huweka akiba ya mafuta yaliyokwisha kusafishwa, ziliachia petroli yao ikaja kwa meli.

"Pampu zikikauka, ujue mafuta yameisha."

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na mfano mzuri ni Sandy. Kimbunga hicho kilifika pwani ya New Jersey tarehe 29 Oktoba 2012. Siku chache baadaye, karibu theluthi mbili ya vituo katika eneo la jiji la New York havikuwa na petroli ya kuuza. Watu walisimama na madumu mikononi kwa saa nyingi. New Jersey ilianza kugawa zamu kwa namba za magari, witiri siku moja na shufwa siku inayofuata, na jiji la New York likafuata tarehe 9 Novemba.

Mafuta hayakuwa yameisha. Kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta cha Linden, New Jersey, kilikuwa kimefurika maji, bandari ilifungwa kwa siku kadhaa, na maghala ya ufukweni hayakuwa na umeme wa kupakia malori. Sheli nyingine nazo zilikuwa na mafuta kwenye matangi ya chini ya ardhi, lakini pampu ya umeme bila umeme ni chuma tu. Ongeza mapipa milioni kumi kwenye picha hiyo, na mwenye dumu bado hapati hata lita moja.

Florida ilikuwa imelitambua hilo mapema. Sheria yake ya mwaka 2006 inavitaka vituo vipya, pamoja na vile vikubwa vilivyo karibu na barabara za kuhamishia watu kimbunga kikija, viwe na nyaya na swichi tayari kwa kuunganishwa na jenereta. Maghala nayo yanatakiwa yaweze kupakia malori kwa saa 72 kwa umeme mbadala. Ni sheria nzuri, ingawa nyaya si jenereta, na jenereta lazima iletwe na mtu.

"Si wafungulie tu bomba kutoka Texas?"

Bomba kuu la Colonial huanzia Houston na kuishia New Jersey, na mafuta ndani yake husafiri kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Safari nzima huchukua takriban siku 18. Tena husukumwa na vituo vya pampu vinavyotegemea umeme: baada ya Katrina lilisimama kwa kukosa umeme. Sehemu kubwa ya Florida haifikiwi na mabomba kama hayo. Haina kiwanda cha kusafisha, na petroli yake karibu yote huja kwa meli. Kimbunga kikikaribia, bandari hufungwa, na kikishapita, mkondo wa kupitishia meli hukaguliwa kwanza, maana huenda kuna kitu kimezama njiani.

"Kabla ya kimbunga, matangi yamwagwe ili yasilete hatari."

Kinyume chake. Tangi lenye mafuta machache huelea. Huko Meraux, Louisiana, wakati wa Katrina, tangi la mapipa 250,000 lililokuwa na mapipa 65,000 tu liling'olewa na maji mahali pake. Mapipa yapatayo 25,000 yalivuja na kuingia hadi kwenye makazi ya watu.

"Basi kila eneo lijaze petroli yake na kuiacha hapo."

Petroli haikai miaka. Huchakaa, na mchanganyiko wa kiangazi si ule wa baridi, kwa hiyo lazima izungushwe: iuzwe, nyingine iingie. Marekani ilijaribu. Mwaka 2014 iliunda akiba ya petroli ya kaskazini mashariki, mapipa milioni moja, na mwaka 2024 Bunge likaagiza iuzwe. Sehemu kubwa ilikuwa Port Reading, New Jersey, jirani kabisa na Sewaren, ambako Sandy iliharibu tangi na kumwaga dizeli zaidi ya galoni 300,000. Sioni kama kuiuza akiba hiyo ni hasara kubwa. Fedha hizo zingenunua jenereta nyingi.

"Kila mtu ajaze tanki, tatizo litakwisha."

Mtu mmoja akijaza ni busara. Wakijaza wote siku moja, hesabu ni hii: magari milioni moja, kila moja likiongeza lita 30, ni lita milioni 30, yaani karibu malori 900 ya ziada. Serikali hulegeza masharti ya saa za madereva ili malori yasisimame. Lakini tahadhari ikitolewa, dereva naye ana familia ya kuhamisha, na barabara anayotakiwa kurudi nayo pwani imejaa magari yanayotoka huko.