Safari ya pikipiki kipupwe: hesabu saa kabla ya kilomita

Juni ikikaribia, watu wanaotaka kwenda uwanda wa juu wa Kitulo kwa pikipiki huniuliza swali lile lile: ni kilomita ngapi? Kazi yangu ni kufundisha uendeshaji wa pikipiki milimani, hapa Mbeya, na swali hilo huwa naliweka kando kwanza. Kilomita zinakusaidia ukiwa unatoka Uyole kwenda Makambako kwenye lami. Kwenye kona usizozijua, baridi ikiwa kali, kinachoamua ni saa: saa ngapi utakuwa wapi, jua litakuwa limefika kona ipi, na vidole vyako vitakuwa na joto kiasi gani ukifika pale.

Nitaeleza kwa mzunguko ambao wengi hutamani kuujaribu. Unatoka Mbeya mjini, unapita Uyole na Igurusi hadi Chimala, kilomita 78 hivi za lami. Chimala unakata kulia na kuupanda ukuta wa mlima kwa ile njia inayoitwa Hamsini na Saba, jina lililotokana na kona zake 57, mpaka Matamba. Kutoka hapo unaingia uwanda wa Kitulo, unapita Kikondo na kutokea Isyonje kwenye barabara ya Tukuyu, kisha unarudi Uyole. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya maua, na maua yenyewe hutamalaki kuanzia Novemba mpaka Aprili. Lakini miezi hiyo ni ya mvua, na udongo wa kule juu ukilowa hata Land Cruiser inahangaika. Ndiyo maana mgeni mwenye pikipiki namshauri aende kipupwe, Juni hadi Agosti, njia ikiwa imekauka. Maua atayakosa, ila atapanda. Na akifika uwandani abaki kwenye barabara ya umma. Majani yale si mahali pa kujaribia tairi.

Sasa tuhesabu saa. Mwezi wa Juni hapa Mbeya jua linachomoza karibu saa 1 kamili asubuhi na kuzama saa 12 na dakika arobaini hivi jioni, na likishazama giza halichelewi. Mtu akisikia hivyo anajiona ana zaidi ya saa kumi na moja. Hana. Chimala iko kwenye kimo cha mita elfu moja na mia moja hivi, uwanda wa Kitulo uko kwenye 2,600. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo unaiacha Chimala na nyuzi 24 za mchana unakuta Kitulo 14. Hiyo ni mchana. Usiku, anga ikiwa safi na upepo umetulia, ardhi ya uwandani hupoteza joto lake lote na asubuhi majani yanakuwa meupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Ukijumlisha yote, muda wa kuwa juu kule kwa usalama, kwa mtu asiyeijua njia, ni kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Safari yote ya juu lazima iingie kwenye saa hizo sita.

Sakitu inastahili maelezo zaidi kwa sababu watu wanaitafuta mahali pasipo pake. Wanadhani kadiri unavyopanda ndivyo inavyozidi. Lakini hewa baridi ni nzito, usiku huteremka na kujikusanya mabondeni. Unaweza kukuta mgongo wa kilima mkavu kabisa, halafu chini yake, penye kijito na daraja dogo, njia imeganda. Jua likishapanda mambo yanakuwa mabaya zaidi kwa muda: ngozi ya juu ya udongo inayeyuka na kuwa tope jembamba huku chini bado pagumu, na tairi linateleza juu yake bila kukupa dalili yoyote. Kwa hiyo kila unapoteremka kuelekea kijito kabla ya saa 4, punguza mwendo ukiwa bado kwenye mnyooko, na ulivuke lile bonde bila kugusa breki ya mbele.

Angalia pia mlima umeelekea wapi. Juni na Julai jua letu hupita upande wa kaskazini wa anga. Ukuta wa Chimala unatazama kaskazini, kwenye Bonde la Usangu, basi unapata jua la kutosha na kukauka mapema. Kona zinazotazama kusini hubaki kivulini muda mrefu. Na upande wa Isyonje na Mlima Rungwe una tabia yake: upepo unaotoka upande wa Ziwa Nyasa hupandisha unyevu, na ukungu au manyunyu yanaweza kukukuta hata Julai wakati Usangu kote ni vumbi. Ndiyo sababu naupanga mzunguko huu uanzie Chimala. Sehemu kavu naipanda asubuhi, na ya unyevu naiacha mchana ambapo imepata nafasi ya kupata joto.

Baridi ya kwenye pikipiki si ile uliyoisoma kwenye simu. Nyuzi 5 ukiwa umesimama ni baridi ya sweta. Nyuzi 5 ukienda kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kama vile ni nyuzi mbili chini ya sifuri. Mwili ukiona hivyo unarudisha damu kifuani na tumboni ili ulinde moyo na ini, na wa kwanza kunyimwa ni vidole. Hapo ndipo ajali za kona zinapoanzia. Vidole vikishakufa ganzi hujui tena umebana breki kiasi gani, klachi unaiachia kwa mkupuo, na kwenye kona ya changarawe mkupuo mmoja unatosha kulitupa gurudumu la nyuma. Kipimo ninachowafundisha wanafunzi wangu ni rahisi: simama, vua glovu, gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono huo huo. Vikigoma kukutana, huendeshi mpaka vikutane. Fanya hivyo kila baada ya nusu saa, hata kama unajisikia vizuri, maana ganzi inakuja taratibu na huwezi kuihisi inapokuja.

Mavazi hayahitaji fedha nyingi. Mitumba ya Mwanjelwa ina makoti mazuri kuliko watu wanavyofikiri. Tafuta lisilopitisha upepo, lenye kola inayofunga shingo, na ndani vaa sweta la sufu. Fulana ya pamba ikilowa jasho wakati wa kuhangaika na kona za chini, itakugandisha ukifika juu, kwa hiyo beba nyingine kavu ubadilishe Matamba. Gazeti lililokunjwa kifuani ndani ya koti linazuia upepo vizuri sana. Mikononi, glovu za sufu kisha juu yake glovu za mpira za kuoshea vyombo, saizi kubwa. Zinaonekana ajabu, lakini upepo na manyunyu havipiti, na bado unaihisi breki. Buti badala ya kandambili ni jambo ambalo nisingependa hata kuliandika, ila bado naona watu wanapanda na kandambili. Tafadhali, vaa buti.

Pikipiki yenyewe itabadilika njiani. Injini inapoteza karibu asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo cc 125 inayokimbia vizuri Igurusi itakuwa nzito Kitulo. Zenye kabureta zinakunywa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, moshi unakuwa mweusi na plagi inashika masizi. Usidhani imeharibika. Shuka gia moja, usivute choki ikishapata moto, na beba plagi ya akiba pamoja na spana yake. Jaza tangi Chimala, kwa sababu kule juu petroli utaikuta kwenye chupa, kama utaikuta. Na safari ya kwanza nenda bila abiria.

Kuhusu upepo wa tairi kuna ushauri unaozunguka kwamba baridi hupunguza upepo, hivyo uzidishe kabla ya kupanda. Nusu yake ni kweli. Kupoa kwa nyuzi kumi kunashusha kipimo cha upepo kwa psi (kizio cha upepo wa tairi) moja na kitu. Lakini ukipanda mita 1,500 hewa ya nje inalegea, na kipimo hicho hicho kinapanda kwa psi mbili hivi. Vinakaribia kufutana. Jaza kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji, pima asubuhi kabla hujaondoka, basi. Tairi lililojazwa kupita kiasi linarukaruka juu ya mawe na kukunyima mshiko pale pale unapouhitaji.

Halafu kuna kuuliza njia. Ukifika Chimala ukamuuliza mtu, "Barabara ya juu ikoje?" atakujibu, "Nzuri tu." Ni jibu la heshima, na halikusaidii. Mtafute aliyeshuka leo, dereva wa Noah au wa lori la viazi, msalimie vizuri, kama ni mtu mzima mpe shikamoo yake, kisha uliza vitu anavyoweza kuvikumbuka. "Mzee, Matamba umetoka saa ngapi? Uliwasha taa? Ukungu umeuacha wapi? Greda limepita karibuni? Malori yanayopanda umepishana nayo wapi?" Kwa majibu hayo unaweza kuichora barabara kichwani. Nikisikia greda limepita jana naongeza muda, maana changarawe iliyofukuliwa ni laini na bado haijashindiliwa na magari.

Simu inafaa kwa ramani, ila hesabu zake za muda usizifuate. Kwenye changarawe nisiyoijua naweka kilomita 20 kwa saa, kusimama kukiwa ndani yake. Pakua ramani mapema kwa sababu kuna sehemu hazina mtandao, na iweke simu mfuko wa ndani karibu na mwili, betri inaisha haraka kwenye baridi.

Kwenye kona zenyewe, kanuni ninayoisisitiza kuliko zote ni kwamba mwendo wako unaamuliwa na umbali unaouona. Ukienda 60 kwenye changarawe, kuanzia jicho kuona hadi pikipiki kusimama unatumia zaidi ya mita 50. Ukienda 30, mita 17 au 18. Kama kona inakuonyesha mita 20 tu za njia, 30 ndiyo mwisho wako, na kwenye ukungu mara nyingi ni chini ya hapo. Punguza kabla ya kona, ingiza gia utakayoitumia kabla ya kona, ndani yake shikilia resi ile ile na uelekeze macho mahali unapotaka kutokea. Ukiangalia korongo, pikipiki itakupeleka korongoni.

Kwenye Hamsini na Saba piga honi kabla ya kila kona isiyoonyesha mbele, halafu sikiliza. Lori lililobeba viazi haliwezi kukunja kona ile bila kuchukua njia nzima, na dereva wake haoni upande wako wa ndani. Ukilisikia, simama sehemu pana kabla ya kona na uliache lipite. Usijipenyeze ndani eti kuna nafasi, kwa kuwa ile nafasi inazibwa na tela au magurudumu ya nyuma dakika hiyo hiyo. Baada ya kupita, subiri vumbi litue. Kipupwe vumbi la pale ni laini kama unga, na ndani yake kunaweza kuwa na lori la pili.

Ratiba yangu basi inakuwa hivi: kuondoka Mbeya saa 2 na nusu jua likiwa limeshapasha lami, Chimala saa 4, Matamba saa 5 na nusu kwa chai na chapati za moto, uwandani saa 7, Isyonje isizidi saa 10 na nusu. Kikomo nakiweka Matamba. Kama saa 6 na nusu hujaondoka pale, au waliotoka Kitulo wanasema ukungu umeshuka, geuza. Uamuzi huo ufanye usiku uliotangulia, ukiwa na akili iliyotulia, uuandike kwenye karatasi. Mtu akishapigwa baridi kwa muda wa saa tatu huwa mkaidi, anaona kilichobaki ni kidogo.

Kugeuza maana yake ni kuishuka Hamsini na Saba, na kushuka kunahitaji uangalifu kuliko kupanda. Tumia gia ile ile uliyopandia, ya kwanza au ya pili, uache injini ikushikilie. Ile tabia ya kuweka frii ili kuokoa petroli ni hatari kubwa pale: breki za drum zikichemka zinapoteza nguvu, unabana na hazishiki, na kona inayofuata haisubiri. Bana kwa vipindi vifupi, simama kila baada ya kona kadhaa, ziache zipoe. Na kama kuna mtu anakusubiri upande wa Isyonje, mpigie ukiwa bado Matamba umwambie unarudi kwa Chimala, asije akaanza kukutafuta Kikondo usiku.