Je, wajua namba 2,147,483,647 ilithibitishwaje kuwa tasa kabla ya kompyuta?

Mwaka 1772 Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi aliyekuwa akiishi Saint Petersburg, macho yake yakiwa karibu yamekwisha, alieleza kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Alijuaje?

Njia ya shuleni ni kuigawa kwa namba tasa moja baada ya nyingine hadi kufikia kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni 46,340 na ushei. Chini ya hapo zipo namba tasa zaidi ya 4,700. Ni kazi ya kumkondesha mtu.

Kilichomwokoa Euler ni umbile la namba yenyewe. Ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Namba za ukoo huu, zinazoitwa kwa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne, hazigawanyiki ovyo. Tazama ndugu yake mdogo, 2 kwa kipeo cha 11 toa 1, yaani 2,047. Hiyo ni 23 mara 89. Gawa 23 kwa 11, inabaki 1. Gawa 89 kwa 11, inabaki 1 vilevile. Sasa zigawe kwa 8: moja inabakiza 7, nyingine 1. Si bahati. Kipeo kikiwa namba tasa kubwa kuliko 2, kila kigawo tasa hubakiza 1 kikigawanywa kwa kipeo hicho, na hubakiza 1 au 7 kikigawanywa kwa 8.

Kwa kipeo cha 31, masharti hayo mawili yakiunganishwa yanaacha tu namba zinazobakiza 1 au 63 zikigawanywa kwa 248. Hadi 46,340 ziko 373, ukiacha 1, na nyingi si tasa, kwa hiyo hutupwa bila kujaribiwa: 63 ni 7 mara 9, 249 ni 3 mara 83. Ya kwanza inayostahili jasho ni 311. Igawe: inabaki 35. Basi unaendelea hivyo hivyo, na hakuna hata moja inayoingia sawasawa.

Namba hiyo ilibaki kuwa tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kwa miongo kadhaa.

Leo inajulikana zaidi kwa watengeneza programu. Ndani ya kompyuta, namba ya biti 32, yaani ya tarakimu 32 za 0 na 1, kwa kawaida hutenga biti moja kwa alama ya kujumlisha au kutoa; zinabaki 31, na kikomo chake ndicho hiki. Saa za kompyuta nyingi za zamani huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970, kwa saa za Greenwich, zikitumia biti hizo. Zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, kompyuta ambayo haijahamishiwa biti 64 itaruka kwenye hasi na kudhani ni Desemba 1901.