Riba nafuu haikaushi kuni

Nimelisikia tena Jumanne, safari hii kutoka kwa mkurugenzi wa kiwanda cha majani chai, mzee ninayemheshimu sana. Alifunga ripoti yangu ya ukaguzi wa kawi, akaiweka kando ya kikombe chake, akasema, "Kijana wangu, hii ni kazi safi. Sasa tutafutie mkopo wa kijani wenye riba ya chini, haya mengine tutayamaliza wenyewe." Wiki moja kabla, maneno hayo hayo yalitoka kwa afisa wa mikopo wa benki. Kabla yake, kwa mgeni wa shirika la fedha za maendeleo aliyekuja Nairobi na pesa za kukopesha, akakosa wa kumkopesha.

Mkopo wa kijani ni ule wa kazi zinazopunguza kawi na uchafuzi wa hewa. Wote watatu wanaamini kwamba viwanda havibani kawi kwa sababu pesa ni ghali, na kwamba riba ikishuka, mota za zamani zitang'olewa zenyewe. Nimechoka kulijibu hili kwa dakika mbili mlangoni, kwa hiyo leo nalijibu lote.

Tuanze na hesabu. Tuseme mradi unagharimu shilingi milioni 6, na mkaguzi anaahidi kwamba utaokoa milioni 2.4 kwa mwaka. Mkopo ni wa miaka minne. Kwa riba ya asilimia 16, kiwanda kitalipa takriban shilingi 2,144,000 kila mwaka. Kwa asilimia 10, kitalipa takriban 1,893,000. Tofauti ni kama robo milioni kwa mwaka, na si haba. Lakini kwa riba zote mbili akiba inatosha kulipa deni. Sasa tuseme mkaguzi alikosea kwa robo tu, akiba ikawa milioni 1.8. Kwa asilimia 16 mradi haujilipi. Kwa asilimia 10 haujilipi vilevile. Punguzo lile lote la riba, ambalo watu wazima hukaa mezani miaka miwili kulijadili, limeshindwa kuziba kosa ambalo mkaguzi mwenye haraka hulifanya kwa siku moja.

Na Kenya tumeshawahi kulijaribu jambo hili kwa nchi nzima. Septemba 2016 sheria ilianza kuzuia riba isizidi pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Riba ikashuka kweli. Benki nazo zikakimbilia hati za serikali, zikawafungia milango wakopaji wadogo, na Novemba 2019 sheria ikaondolewa. Miaka ile mitatu nilikuwa viwandani karibu kila wiki. Sikuona foleni ya watu wakibadilisha boila.

Sasa nifike panaponiuma. Akiba haina mita. Stima uliyotumia ina mita, kuni ulizochoma zina mizani (kama mizani inafanya kazi), lakini stima ambayo hukuitumia haiandikwi popote. Unaipata kwa kulinganisha ulivyotumia na ambavyo ungetumia, na hicho cha pili hakuna aliyekiona. Ndiyo maana kila kitu kinasimama juu ya kipimo cha awali, yaani rekodi ya matumizi kabla ya mradi, na ndiyo maana nikiambiwa "lakini bili haikupungua" huwa natamani kukaa chini kwanza.

Bili si kipimo. Chukua kiwanda cha chai kinachokula uniti 40,000 kwa mwezi hata kama hakitengenezi chochote, kwa sababu ya taa, pampu, kompresa na feni zinazozunguka bure. Juu ya hapo, kila kilo ya chai kavu inakula uniti 0.4. Mwezi wa mavuno mazuri kinatoa kilo 200,000: jumla uniti 120,000, yaani 0.6 kwa kilo. Mwezi wa ukame kinatoa kilo 80,000: jumla 72,000, yaani 0.9 kwa kilo. Meneja anaitwa na bodi kujieleza kwa nini matumizi kwa kilo yamepanda kwa nusu nzima. Hakuna kilichoharibika! Hakuna hata skrubu iliyoguswa. Mzigo ule wa 40,000 umegawanywa kwa kilo chache, basi.

Kisha kiwanda hicho hicho kinafunga vidhibiti kasi kwenye feni za kunyaushia majani. Hii ni kazi nzuri, kwa sababu feni ikipunguzwa kasi kwa asilimia 20, stima yake hushuka hadi karibu nusu. Tuseme kinaokoa uniti 12,000 kwa mwezi. Mvua ikanyesha, chai ikafika kilo 250,000, matumizi yakawa 128,000. Mhasibu anaona 120,000 mwaka jana na 128,000 mwaka huu, anatangaza kwamba mradi umekula pesa za wakulima. Ukweli ni kwamba bila mradi zingekuwa 140,000. Lakini kama hakuna aliyechora mstari wa kilo na uniti kabla ya fundi wa kwanza kuingia, hutamshawishi mhasibu huyo, na wala si kosa lake. Na kama hutamshawishi mhasibu anayelala hapo hapo kiwandani, utaishawishije kamati ya mikopo iliyo Nairobi?

Nami nimewahi kuanguka hapa. Kiwanda kimoja nilikipima kwa wiki mbili za msimu wa juu, nikazidisha kwa mwaka mzima, nikaahidi akiba ambayo nusu yake haikuonekana. Walikuwa wameshakopa. Walilipa deni hadi mwisho kwa pesa iliyopaswa kufanya mambo mengine, na hawakunipigia simu tena. Tangu hapo siandiki ahadi yoyote bila miezi kumi na miwili ya bili na ya kilo, na mtu akiniharakisha namwambia atafute mwingine.

Kanuni za usimamizi wa kawi za 2012 zilitaka kila mtumiaji wa zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka akaguliwe kila baada ya miaka mitatu na atekeleze angalau nusu ya akiba iliyoonekana. Kiwanda cha mfano wangu kinavuka kiwango hicho kabla miezi miwili ya mavuno mazuri haijaisha. Nia ilikuwa nzuri. Matokeo niliyoyaona ni makabati yaliyojaa ripoti za kumridhisha mdhibiti, zenye picha za vibao vya mota na orodha ya mapendekezo yale yale, kipimo cha awali hakuna. Ripoti ya namna hiyo haiwezi kubeba mkopo. Afisa wa benki anaifungua, haoni cha kushika, anaomba hatimiliki ya ardhi.

Na hapo ndipo dhamana inapoingia. Benki ikikopesha lori, mkopaji akishindwa, dalali analipeleka mnadani. Ikikopesha sufi ya kufunikia mabomba ya mvuke, dalali atabeba nini? Thamani yote iko kwenye kuni ambazo hazikuchomwa. Kwa hiyo benki inakopesha kwa dhamana ya ardhi na kuita mkopo huo wa kijani, na kiwanda ambacho ardhi yake imeshawekwa rehani kwingine kinaachwa nje, hata kama mabomba yake yanapasha joto mlima mzima.

Kuna dawa zilizojaribiwa. China, kuanzia 2006, IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, ilikubali kubeba sehemu ya hasara za benki kwenye mikopo ya namna hii. Mikopo iliyoharibika ikawa michache sana. India, SIDBI, benki ya kukopesha viwanda vidogo, ilipopata pesa za JICA, shirika la maendeleo la Japani, ilitengeneza orodha ya mitambo inayokubalika: kama mtambo wako umo, hubishani na mtu. Hapa kwetu AFD, shirika la maendeleo la Ufaransa, ilipoleta mpango wake wa mikopo ya kijani uitwao SUNREF, iliweka pamoja pesa za benki na wahandisi wa kushauri kupitia Chama cha Watengenezaji Bidhaa, KAM. Kwa maoni yangu wahandisi hao walikuwa na thamani kuliko punguzo lolote la riba, kwa sababu walikuwa wakienda kiwandani na mita mkononi.

Orodha ya mitambo naipenda kwa kasi yake, lakini inaviacha nje vitu viwili vikubwa. Cha kwanza, mivujo. Nenda kiwandani Jumapili alasiri, mashine zote zimezimwa, acha kompresa ya hewa ikiwa imewashwa. Simama kimya. Utasikia hewa ikivuja kwa mlio kwenye viungo vya mipira kama nyoka aliye kwenye majani. Juzi nilisimama hivyo na fundi wa mitambo, simu mkononi: kompresa inabeba mzigo sekunde 40, inapumzika sekunde 80, inabeba tena 40. Theluthi moja ya uwezo wake inalisha matundu. Fundi alipiga mluzi, akaenda kuleta maji ya sabuni bila kuambiwa. Hakuna mkopo wa kazi hiyo, na hauhitajiki. Inahitajika zamu moja kila mwezi, na bosi anayeuliza kama imefanyika.

Cha pili ndicho kinachoninyima usingizi: kuni. Viwanda vyetu vya chai hukausha majani kwa mvuke, na mvuke mwingi unatoka kwenye boila za kuni. Gogo la mkaratusi lililokatwa juzi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Chukua magogo mawili uyagonganishe: makavu yanalia kwa sauti kali, mabichi yanatoa mshindo mzito kama mlango uliolowa. Tani moja ya mabichi inaingiza kilo 500 za maji ndani ya tanuri, na kila kilo ya maji hayo inakula takriban megajuli 2.6 kabla haijatoka dohani ikiwa mvuke usiomkausha mtu chai yake. Moto unapoa, moshi unakuwa mzito, shinikizo linashuka, na mwashaji anafanya kitu pekee anachokiweza, anaongeza magogo.

Dawa ni paa na subira. Pasua magogo, yapange yapitishe upepo, yafunike, ngoja miezi sita. Katika viwanda vingi nilivyovikagua, hakuna pendekezo jingine lenye faida kama hili kwa kila shilingi. Sasa jaribu kulikopea. Paa ni jengo, benki haina taabu nalo. Lakini zile kuni za miezi sita unazozinunua leo na kuzichoma mwakani ni mtaji wa uendeshaji, na pesa za kijani nilizofanya kazi nazo hazigusi mtaji wa uendeshaji. Zinataka mtambo wenye kibao, namba na ankara ya forodha. Rundo la kuni halina kibao.

Na kuna jambo ambalo sikulielewa hadi nilipokaa na wakurugenzi. Wao huchaguliwa na wakulima, na wakulima wanawapima kwa bonasi ya Oktoba, yale malipo ya mwaka ya chai yao. Ukifungia mamilioni kwenye rundo la kuni, pesa hiyo haipo wakati wa bonasi. Akiba itakuja mwaka ujao, uchaguzi huenda ukaja kabla yake. Mzee wangu wa Jumanne anajua kuni mbichi zinamla. Alinionyesha mwenyewe, kwa kidole, maji yakichuruzika kwenye ncha ya gogo mdomoni mwa tanuri. Anachoogopa ni mwaka ule mmoja wa katikati, na hakuna riba ya chini inayomvusha. Kinachoweza kumvusha ni mkopo wa msimu mmoja wa kulijaza banda kwa mara ya kwanza tu. Likishajaa, unanunua kila mwezi kiasi unachochoma, na rundo linajibeba.

Niseme pia mashaka yangu, maana nikiyaficha sitakuwa tofauti na hao ninaowalalamikia. Wanaotoa pesa hizi wanahesabu tani za kaboni. Lakini stima ya Kenya kwa sehemu kubwa sana inatoka kwenye jotoardhi, maji na upepo. Nikiokoa uniti ya stima, nimemwokolea mkulima shilingi, ila hewa nimeisaidia kidogo mno. Kaboni ya kiwanda iko kwenye joto: kuni zisizopandwa tena na mafuta mazito. Hata hivyo miradi mingi niliyoona ikikopeshwa ni ya stima, kwa sababu stima ina mita na kuni zinahesabiwa kwa macho. Sijui namna ya kuliandika hilo kwenye fomu ya mfadhili bila kuua mradi mzuri. Vilevile, baadhi ya wateja wangu wenye mikopo ya kijani wangefanya kazi ile ile kwa pesa zao. Nawajua. Nimeandika "bila mkopo huu mradi usingefanyika" mara kadhaa nikiwa na wasiwasi.

Na kuna anayesema tukope kwa dola kwa sababu riba yake ni nafuu. Huyo akumbuke kwamba mwanzo wa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 123, na Januari 2024 ikafika karibu 160. Deni la dola 100,000 lilitoka milioni 12.3 hadi 16 bila mtu kuongeza hata senti. Chai ya mnada wa Mombasa inauzwa kwa dola, kwa hiyo mzee wangu yuko salama kiasi. Mwenye kiwanda cha mkate Nakuru hayuko.

Jumanne nilimjibu hivi: "Mzee, riba tuiache kwanza. Nipe karani mmoja na mizani inayofanya kazi, kila lori lipimwe likiingia, na kila siku aandike kilo za chai na kuni zilizochomwa. Mwakani mwezi kama huu nitakwenda benki nikiwa na karatasi hiyo." Alinyamaza kidogo, akaniuliza bei ya mabati. Banda litaanza kujengwa mwezi ujao, nusu ya ukubwa nilioomba, na litajazwa kwa kuni za shamba la kiwanda lenyewe. Karani ameshaanza. Jana usiku alinitumia picha ya daftari: malori manne, tani 31, na mbele ya lori la tatu ameandika kwa kalamu nyekundu, "mbichi sana".